Ndege Mwenye Kucha za Kuwindia: Ni Yupi, na Ipi Hukumu ya Kumla?

 

Watoto wetu huwinda ndege kwa manati na mitego. Wakati mwingine huleta nyumbani mwewe au bundi, akachinjwa kwa Bismillah na kupikwa. Tufahamu kwamba kutaja jina la Allah wakati wa kuchinja hakumhalalishi mnyama ambaye Sheria imemharamisha.

Msingi wa suala hili ni Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kila mnyama mkali mwenye chonge na kila ndege mwenye kucha za kuwindia. Neno lililotumika ni *mikhlab*, yaani ukucha uliopinda ambao ndege hukamatia na kuraruia windo lake. Kwa hiyo kinachozingatiwa ni kazi ya ukucha, si kuwa nao tu. Kuku ana kucha lakini huchakuria ardhi. Jogoo ana kipi lakini hawindi nacho. Wote wawili ni halali, kama walivyo njiwa, kanga na kwale.

Vilevile, kula nyama peke yake si kigezo. Kuku hula wadudu na bata hula samaki wadogo, ila huwakamata kwa mdomo. Ama tai, mwewe, kipanga, kozi na bundi, hao hushika kwa kucha, na Jamhuri ya wanavyuoni wamewaharamisha. Kauli mashuhuri ya Malik ni kuwa ndege hao huliwa, kwa kutegemea Aya ya 145 ya Suratul An-aam. Lakini Hadithi iko wazi, nayo ndiyo tunayoifuata.

Tumbusi kucha zake ni dhaifu, naye ameharamishwa kwa kuwa chakula chake ni mizoga.

Tusichanganye mambo mawili: kuharamishwa nyama ya ndege hakuharamishi kuwindia kwake. Aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na wanavyuoni wengi wamemuingiza humo kozi, akitumwa kwa kutajwa jina la Allah.

Basi mzazi, mwanao akileta ndege, mtazame miguu kabla ya kushika kisu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.