Dakika 21 za Wembley: ufundi wa kuongoza jukwaa la roki

Tarehe 13 Julai 1985, saa 12:41 jioni kwa saa za London, Freddie Mercury alitoka mbio mbele ya watu wapatao 72,000 waliojaa uwanja wa Wembley. Jua la kiangazi lilikuwa bado halijazama. Taa na moshi, mbwembwe ambazo bendi yake ya Queen ilizoea kuzunguka nazo kwenye ziara, zisingefaa kitu kwenye mwanga ule. Nafasi ya kupima mitambo kwa raha nayo haikuwepo, kwa sababu tamasha la hisani la Live Aid lilikuwa la foleni: Dire Straits wanashuka, Queen wanapanda, David Bowie anasubiri zamu. Yeye mwenyewe alivaa fulana nyeupe isiyo na mikono na jinzi. Alipiga nyimbo sita katika dakika 21 hivi, na tangu siku hiyo wanamuziki wa roki wanapobishana kuhusu nani aliwahi kulimiliki jukwaa kuliko wote, mabishano huanzia hapo.

Ukiuliza siri ilikuwa nini, wengi watakujibu: sauti. Sauti alikuwa nayo, tena ya ajabu. Lakini kuimba vizuri na kuongoza jukwaa ni kazi mbili tofauti, na mimi naona ile ya pili ndiyo iliyofanyika Wembley.

Kwanza tumtambue mtu mwenyewe, hasa kwa kuwa ni mzaliwa wa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi ambayo baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa kusoma bweni huko Panchgani, India, na ndiko alikoingia katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Humo alikuwa mpiga piano. Mwimbaji kinara alikuwa mwenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ikahamia Uingereza. Tangu 2019 pana jumba la makumbusho yake mtaa wa Shangani, na watalii hutoka humo wakiwa na hamu ya kuambiwa kwamba karafuu na taarabu ndizo zilizompa ile sauti. Ushahidi wa hilo mimi sijauona. Nilichokiona ni mtu aliyejifunza kazi yake polepole, jukwaa moja baada ya jingine.

Sasa hiyo sauti. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchambuzi wa rekodi zake na wakakuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida nyuzi zake za sauti zilitetemeka kama mara 117 kwa sekunde, kiwango cha wanaume wa sauti ya kati kwenda nzito. Sisi tunaomkumbuka juu kabisa ya ngazi ya muziki tunashangaa, lakini ndivyo: zile noti za juu alizifuata mbali na makazi yake. Mtikisiko wa sauti anaposhikilia noti ulikwenda mara 7 hivi kwa sekunde, kasi inayozidi ile ya waimbaji wengi wa muziki wa klasiki. Kisha upo ule mkoromo wake. Kwa kuwa mwenyewe alifariki mwaka 1991, watafiti walimtumia mwimbaji mwingine aliyeuiga, wakaingiza kamera ya kasi kooni mwake, wakaona kwamba mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo wengi wetu hatuitumii kabisa tunapoongea au kuimba, nayo ilikuwa inatetemeka.

Mkoromo huo ndio chumvi ya roki, na ndio unaowaumiza waimbaji wake. Mwimbaji wa opera hufundishwa miaka mingi kuipitisha sauti safi juu ya okestra bila kipaza sauti. Wa roki anacho kipaza sauti, ila nyuma yake pana dramu na magitaa ya umeme, na wasikilizaji wake hawataki sauti safi. Wanataka kusikia kwamba jambo lenyewe linamgharimu. Nyuzi za sauti zikigongana kwa nguvu usiku baada ya usiku huota vinundu, na mtu mwenye vinundu hukwaruza hata anaponong'ona. Freddie yalimkuta mapema: katika ziara ya Marekani mwaka 1975 koo lilimsumbua mpaka baadhi ya maonyesho yakafutwa.

Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo mashabiki wanaosikiliza albamu tu hawalijui. Sikiliza rekodi zake za jukwaani ukiwa na zile za studio kando. Mara nyingi, pale ambapo studio alipanda, jukwaani anashuka. Anageuza mdundo wa mstari, anauweka noti kadhaa chini, na anaimba kwa namna ambayo hutambui kwamba umepunjwa. Katika viitikio noti za juu kabisa alimwachia mpiga dramu, Roger Taylor, aliyekuwa na sauti ya juu kuliko wote wanne. Mwimbaji wa laivu huipimia sauti yake kama mtu anayejua kwamba unga uliomo debeni ndio wa mwezi mzima. Anayeumaliza katika wimbo wa pili ili apigiwe makofi, wimbo wa kumi utamfichua.

Na kuna yasiyowezekana laivu, nayo yanahitaji mtu mwenye moyo wa kuyakubali. Sehemu ya opera katika Bohemian Rhapsody, wimbo wa mwaka 1975, ilitengenezwa studio kwa kurundika sauti za watu watatu tabaka juu ya tabaka. Hakuna bendi ya watu wanne inayoweza kuimba hayo jukwaani. Queen hawakujifanya. Kwenye ziara zao walishuka jukwaani, wakaacha kanda icheze, kisha wakarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Pale Live Aid walikata wimbo kabla ya kufika huko: Freddie alikaa kwenye piano, juu yake vikombe vya Pepsi vimepangwa, akaimba beti za mwanzo, akainuka, na hapohapo wakahamia Radio Ga Ga. Kupanga hayo kulikuwa kazi. Walikuwa wamefanya mazoezi siku kadhaa katika Shaw Theatre, London, wakiyapima yote yaenee ndani ya dakika walizopewa. Wapo wasanii wakubwa waliopanda jukwaa lile siku ile wakidhani jina lao litatosha.

Tuje kwenye umbali, maana hapa ndipo kiongozi wa jukwaa anapoachana na mwimbaji wa kawaida. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani anausikia mlio karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa. Katika Radio Ga Ga pigo moja huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde, kwa hiyo mtu huyo wa nyuma yuko nyuma zaidi ya nusu ya pigo. Mwambie apige makofi kwa kufuata anachosikia na uwanja mzima utaparaganyika. Jicho halina ucheleweshaji huo. Mikono ya Freddie inapoinuka juu ya kichwa, wa mbele na wa nyuma wanaiona kwa wakati mmoja, na mikono ya walio mbele nayo inakuwa ishara kwa walio nyuma. Yale makofi mawili juu ya kichwa yalitoka kwenye video ya wimbo huo ya mwaka 1984, ambamo mashabiki wao wenyewe walishiriki kuigiza. Ukitazama picha za Wembley utaona mikono maelfu kwa maelfu ikifunguka na kufunga pamoja, mpaka kule ambako mtu ni nukta tu.

Ndiyo maana mwili wake ulikuwa hivyo ulivyokuwa. Miguu imepanuliwa, mgongo umepindwa nyuma, ngumi juu, ile nusu ya kishikio cha kipaza sauti imenyooshwa kama upanga. (Inasimuliwa kwamba kishikio kilimkatikia jukwaani siku za mwanzo za bendi, akaona kinamfaa hivyohivyo.) Ukikaa safu ya kwanza unaweza kusema anazidisha. Lakini yeye hakuwa akimchezea wa safu ya kwanza.

Kisha akafanya kitu ambacho msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa, kwa sababu kila ngoma ya kwetu inacho: aliitisha, watu wakaitikia. Baada ya Radio Ga Ga muziki ulinyamaza. Hapakuwa na gitaa wala dramu, wala maneno yenye maana yoyote. Ni irabu tupu. Akatoa kipande kifupi cha noti mbili tatu, uwanja ukarudisha. Akatoa kingine, kirefu kidogo. Akashikilia noti moja mpaka ukaanza kumhesabia pumzi, na uwanja nao ukashikilia. Halafu akaleta vipande vya kupindapinda, lakini hakuleta kisichowezekana, na huo ndio ufundi wenyewe. Kipande cha kwanza kilikuwa rahisi makusudi, ili hata asiyejua kuimba na asiyewajua Queen afaulu. Kila kilichofuata kilipanda daraja moja tu. Haya yote yalimalizika chini ya dakika moja.

Saa moja hivi kabla yake, Bono wa U2 alikuwa amejaribu njia nyingine. Katikati ya wimbo wao Bad aliruka kutoka jukwaani na kwenda kucheza na msichana mmoja aliyekuwa amebanwa mbele na umati. Wenzake juu hawakumwona kabisa. Wakaendelea kurudiarudia sehemu ileile wakingoja mtu wao. Wimbo ulifika dakika 12 hivi, na wa tatu waliouandaa, Pride, haukupigwa. Wenzake walikasirika, ila kamera zilikuwa zimeinasa picha ile na dunia ikawapenda. Bono alimchagua mtu mmoja na kuwaachia wengine watazame. Kwenye televisheni hilo linafanya kazi ajabu. Kwa aliyesimama nyuma Wembley, mwimbaji alikuwa ametoweka.

Si lazima kila mmoja awe Freddie. Jim Morrison wa The Doors alianza kazi akiwapa watu mgongo. Kurt Cobain wa Nirvana mara nyingi aliimba akiwa amesimama pahali pamoja, na bado hukuweza kuangalia kwingine. Bruce Springsteen hushinda kwa muda tu: mwaka 2012 mjini Helsinki alipiga zaidi ya saa nne. Mick Jagger alijifunza miguu yake kwa kumtazama James Brown, na hakuona haya.

Kinachowaunganisha ni kwamba bendi iliwafuata wao. Tazama tena ile dakika ya irabu: wenzake Brian May, John Deacon na Roger Taylor wamesimama kimya, macho kwa Freddie, wakingoja ishara, na wimbo unaofuata ukaanza pale alipotaka yeye. Kama umati ungeitikia kwa unyonge, angeweza kukata mapema. Ulipoitikia kwa nguvu, aliweza kurefusha. Hapa kwetu vijana wengi wa muziki wa kizazi kipya huimba juu ya pleibeki, na baadhi yao wana sauti nzuri kweli na miguu inayowatii. Nimewaona wakifika pahali ambapo umati umeshika kiitikio na unataka kukirudia mara tatu zaidi. Msanii ananyoosha kipaza sauti kwao, anatabasamu, na sekunde nne baadaye ubeti wa pili unaingia kutoka kwenye spika kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi studio, na anabidi aukimbilie.