Wastani Unavyomdanganya Msimamizi wa Seva

“Mtandao unasumbua.” Mwanzo wa mwezi, ripoti za vituo vya afya zinapomiminika kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, karani wa takwimu hutamka hivyo akikodolea macho kiduara kinachozunguka. Pengine mtandao unasingiziwa tu, na inayochelewa ni seva.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java na huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo huitumia. Vipimo vya muda wa kujibu vimo humo humo, ila huja vikiwa vimezimwa. Msimamizi hufungua faili la dhis.conf, huandika monitoring.api.enabled = on, huwasha mfumo upya, na takwimu huanza kutoka kwenye anwani ya /api/metrics. Prometheus, programu huria iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, huzichota kila baada ya muda mfupi na kuzihifadhi. Programu ya Grafana huzichora.

Kufunga mitambo hiyo si kazi kubwa. Taabu ni kwamba wengi, wakishaifunga, huchora wastani.

Hebu tupige hesabu. Kati ya maombi 100 yaliyotumwa kwa seva, 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.2 na matano kwa sekunde 10. Wastani ni sekunde 0.69, na kikaoni kila mtu ataridhika. Lakini ukurasa mmoja wa fomu unaweza kutuma maombi 20 kwa mpigo. Ikiwa ombi moja kati ya 20 huchelewa, basi karibu mara 64 kati ya 100 ukurasa huo utakutana na angalau ombi moja linalochelewa. Makarani walio wengi wanangoja, na grafu inasema shwari!

Kinachofaa kuchorwa ni muda ambao asilimia 95 ya maombi huwa yamejibiwa, na ule wa asilimia 99. Ili uupate, kipimo kigawe maombi katika makundi ya muda. Maktaba ya Micrometer, inayotumika sana kwenye Java, huweza kufanya hivyo. Kando yake weka grafu mbili: ya usafishaji wa kumbukumbu, ambao Java huufanya yenyewe na huweza kuisimamisha programu nzima kwa kitambo, na ya miunganisho ya kanzidata. Miunganisho ikiisha, maombi hupanga foleni hata kama prosesa haina kazi.

Seva, hata hivyo, haioni safari ya kutoka kwake hadi kwa karani. Ikionyesha sekunde 0.3 ilhali karani anangoja 12, hapo sasa mtandao ushukiwe kwa haki. Pima pande zote mbili.

Nawe mkuu wa kitengo, ukiletewa ripoti yenye wastani peke yake, irudishe. Dai yenye muda wa asilimia 99, tena ya wiki ile ripoti zinapoingizwa.