Tarakimu Ni Watu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano: 59,851,347 Bara na 1,889,773 Zanzibar. Mkulima wa kahawa wa Mbozi Mission, mkoani Songwe, na mvuvi wa Micheweni, Pemba, wote wamo humo, kila mmoja kwa moja yake.

Je, mtendaji asiye na mashine ataipimaje jumla hiyo? Iko kanuni waliyoijua wanahesabu wa Kiislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Namba yoyote, ikiondolewa jumla ya tarakimu zake, kinachobaki hugawanyika kwa 9 bila baki. Basi zijumlishe tarakimu, kisha tarakimu za jibu, mpaka ibaki moja. Bara hutoa 42, yaani 6. Zanzibar 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Taifa zima hutoa 22, nayo ni 4. Hesabu imekubali.

Lakini tusilewe kanuni. Karani akizipindua tarakimu mbili za mwisho za Zanzibar, akaandika 1,889,737, jibu litabaki 7 vile vile, ilhali watu 36 wa Visiwani wametoweka. Wala mpango wa madawati, dawa au maji hautawakumbuka.

Ndugu watendaji, kanuni ya tisa ni bawabu tu. Mwenye kunakili hana budi kurejea daftari la asili, tarakimu kwa tarakimu. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukipunguza.