Sumbawanga Ipi?

Mahindi ya uwanda wa Ufipa yakishafika Dar es Salaam huwa na jina moja tu: mahindi ya Sumbawanga. Hakuna anayeuliza kama yalivunwa Laela, Matai au Namanyere, na sokoni si neno, maana mnunuzi anaangalia punje. Shida huanza jina hilo linapoingia kwenye fomu ya hospitali au hati ya shamba, ambako Sumbawanga huweza kuwa mji, manispaa, au wilaya ya vijijini inayopakana nayo. Mji uko juu uwandani, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni watu hawatoki bila koti. Muze na Mtowisa nazo ni Sumbawanga kwenye makaratasi, ila ziko bondeni upande wa Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini zaidi, kwenye joto, mpunga na mbu. Mganga akisoma kwamba mgonjwa katoka Sumbawanga, hajaambiwa kitu.

Kwa maoni yangu jina la karibu litangulie, la mji lifuate, na sababu kubwa ni kwamba majina makubwa huhama. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa 1974. Kabla ya hapo Ufipa ilihesabiwa Mbeya. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa Rukwa ikaenda mkoa mpya wa Katavi, na Wilaya ya Kalambo ikamegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, makao yake Matai. Basi aliyezaliwa Matai 1970 alizaliwa Mbeya, akakulia Sumbawanga ya Rukwa, na sasa anazeekea Kalambo, bila kuhamisha hata kinu. Matai ipo palepale. Tazama pia Milanzi, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga na mgeni huichukulia kuwa pembezoni mwa mji. Masimulizi ya Wafipa yanaitaja Milanzi kuwa kitovu cha utawala wa kale uwandani, kabla ya watawala wa nasaba ya Twa na falme zao za Nkansi na Lyangalile. Hata Wajerumani walipokuja, boma lao hawakulijenga Sumbawanga bali Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kuieleza Milanzi kwa Sumbawanga peke yake ni kumwita babu kwa jina la mjukuu.

Wapo watakaodhani kwamba wanaotaja vijiji vyao wanaukimbia mzaha wa uchawi unaoandama jina la Sumbawanga. Labda wachache, lakini kwa Kifipa jina lenyewe lina maana ya kutupa uchawi, hivyo hakuna cha kukimbia. Pingamizi zito ni la Majengo. Sumbawanga ina Majengo, Moshi ina Majengo, Dodoma ina Majengo, na anayetaja Majengo tu hajasema yuko wapi. Hapo nakubali: jina dogo lisilo la kipekee haliwezi kusimama bila mji. Ila hilo ni sababu ya kuandika yote mawili. Anwani za makazi zilizowekwa nchini kuelekea sensa ya Agosti 2022 zilianza na nyumba na barabara au mtaa, na postikodi ya tarakimu tano inashuka hadi kwenye kata. Kibao kimeshapigiliwa mlangoni. Mwenye nyumba akiulizwa anakoishi, bado hujaza Sumbawanga, akaendelea na swali linalofuata.