Nakala za Picha za Waimpreshonisti Ukutani

Nakala ya picha ya Waimpreshonisti ni chapisho la kazi iliyochorwa kwa rangi za mafuta nchini Ufaransa, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, likatiwa fremu ili kupamba chumba. Maua ya yungiyungi ya Claude Monet, dansi za Auguste Renoir na mabinti wa baleti wa Edgar Degas zimezoeleka sebuleni, hotelini na hata kwenye vyumba vya kusubiri madaktari. Kazi zenyewe, nyingi, zimehifadhiwa katika makumbusho kama Musée d'Orsay ya Paris, ambayo ilifunguliwa mwaka 1986 ndani ya jengo lililokuwa stesheni ya treni.

Wachoraji hao walijitokeza pamoja Aprili 1874. Monet, Renoir, Degas, Camille Pissarro, Alfred Sisley, Berthe Morisot na wenzao, waliochoshwa na majaji wa maonyesho rasmi, walifungua maonyesho yao katika iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar, Boulevard des Capucines. Mwandishi Louis Leroy aliwakejeli kwa kuchukua jina la picha moja ya Monet, Impression, soleil levant, na jina hilo likawaganda hadi leo.

Picha zao zinapendeza nyumbani kwa sababu zilichorwa kuhusu maisha ya kawaida: bustani, mto, mvua mjini, watu wakila na kucheza. Rangi za kwenye tyubu, zilizovumbuliwa mwaka 1841, ziliwawezesha kutoka na vifaa vyao na kuchorea nje, penye mwanga wenyewe. Walipaka rangi kwa mipigo mifupi ya brashi, rangi moja kando ya nyingine, na kivuli wakakitia buluu au zambarau mahali ambapo wengine wangetia nyeusi. Ugumu wa kutoa nakala nzuri unaanzia hapo.

Impression, soleil levant yenyewe ni kipimo kizuri. Monet aliichora bandarini Le Havre mwaka 1872. Jua la rangi ya chungwa limesimama katika ukungu wa buluu na kijivu, na chini yake mwanga umewekwa majini kwa mistari michache mizito. Jua hilo linaonekana kuwaka, lakini mng'ao wake unakaribia kulingana kabisa na ule wa anga linalolizunguka. Tofauti iko kwenye rangi tu. Picha ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, jua hufifia karibu kupotea. Mchapaji anayeliongezea jua weupe ili livutie wanunuzi huwa ameharibu kile kile alichokijenga Monet. Mnunuzi anaweza kuhakikisha: aipige nakala picha kwa simu, aondoe rangi, kisha aangalie. Jua likibaki linang'aa kama taa, nakala imechezewa.

Ukubwa nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Picha hiyo ya Monet ina sentimita 48 kwa 63, hivyo inaweza kutundikwa nyumbani kwa kipimo chake halisi. Rue de Paris, temps de pluie ya Gustave Caillebotte, ya mwaka 1877, inazidi mita mbili kwenda juu na kwa upana. Watu wake wenye miavuli wanakaribia kimo cha mtu. Ikishushwa hadi ukubwa wa kalenda, nguvu yake huisha. Mbaya zaidi ni kuikata picha pembeni ili iingie kwenye fremu iliyokwisha kutengenezwa, kwani wachoraji hawa walipanga kingo za picha kwa makusudi.

Kwa uchapaji safi, nukta 300 kwa kila inchi zinatosha. Picha yenye upande wa sentimita 63 inahitaji faili la pikseli zipatazo 7,400 upande huo. Wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi, huhimili mwanga kwa muda mrefu kuliko wino wa kawaida wa kuyeyushwa, na karatasi ya pamba isiyo na asidi haigeuki njano upesi. Turubai zilizopakwa vanishi nzito ili kuiga alama za brashi hazifai: matuta yake hayafuati mkono wa mchoraji. Karatasi nzuri nyuma ya kioo ni bora zaidi.

Fremu ya dhahabu imezoeleka, lakini Pissarro na Degas walijaribu fremu nyeupe na za rangi nyingine. Ni mfanyabiashara wao, Paul Durand-Ruel, aliyependelea dhahabu, maana ndiyo waliyoizoea wateja wake. Fremu nyeupe au ya mbao isiyo na nakshi inazitendea haki rangi hizi. Kati ya picha na kioo uwekwe ukingo wa karatasi ngumu, kwani unyevu, hasa pwani, huigandisha karatasi kwenye kioo na kuleta ukungu. Jua la moja kwa moja lisiipige.

Hakuna aibu kuwa na nakala. Monet mwenyewe alijaza kuta za njano za chumba chake cha kulia, huko Giverny, kwa picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo kila moja ilitolewa nakala nyingi. Kosa ni kuuza chapisho kwa kudai ni kazi asilia.

Monet alifariki mwaka 1926, na ulinzi wa hakimiliki wa miaka 70 baada ya kifo, unaotumika Ulaya, umeshapita. Art Institute of Chicago, yenye picha ile ya Caillebotte, na National Gallery of Art ya Washington zinatoa bure picha za kidijitali za kazi kama hizo. Katika hazina ya Washington yumo mke wa Monet na mwavuli wake, picha ya mwaka 1875 yenye sentimita 100 kwa 81, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua na kuipeleka kwa mchapaji bila kulipia haki ya kuitumia.