Uzi, Mawe Mawili na Somo la Fizikia

Mwalimu wa fizikia aandikapo kanuni ubaoni na wanafunzi wakainakili, ni rahisi kudhani kuwa somo limeeleweka. Lakini na awaulize swali hili: mawe mawili, moja zito na jingine jepesi, yananing'inizwa kwa nyuzi zenye urefu sawa ili yabembee. Je, lipi litakwenda na kurudi upesi zaidi? Wengi watajibu kuwa ni lile zito, ijapokuwa kanuni iliyomo madaftarini mwao haitaji uzito hata kidogo.

Hapo ndipo zana inapohitajika, nayo si ya kuagizwa ng'ambo: uzi, mawe mawili, msumari, rula na saa yenye mshale wa sekunde. Kwanza kila mwanafunzi aandike jawabu lake, ndipo apime. Uzi uwe na urefu wa mita 1 kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe, na jiwe livutwe kando kidogo tu, kisha liachiwe. Asipime mbembeo mmoja, kwani kuchelewa kidogo kutazama saa kutaharibu hesabu. Apime mibembeo 20 ya kwenda na kurudi, kisha agawanye muda huo kwa 20.

Atapata kama sekunde 2 kwa mawe yote mawili. Jiwe zito huvutwa na dunia kwa nguvu zaidi, lakini pia huhitaji nguvu zaidi ili lisogee. Mambo hayo mawili husawazishana. Akifupisha uzi hadi sentimita 25, atapata kama sekunde 1: urefu ni robo, muda ni nusu. Sasa kile kipeuo cha pili kilichomo katika kanuni kimepata maana. Tabia hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Christiaan Huygens wa Uholanzi alipobuni saa ya mbembeo mwaka 1656.

Walakini, zana inayoshikwa na mwalimu peke yake haina tofauti kubwa na picha ya ukutani. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi na uzi wake. Wala asichekwe aliyekosea, maana yeye ndiye atakayejifunza zaidi.

Shule isiyo na maabara haina budi kudai maabara. Lakini ingali inangoja, uzi na jiwe vipo. Mwanafunzi aliyezoea kunakili tu atanakili hata kosa. Aliyezoea kupima atauliza.