Ramani ya Maji Yasiyofika Bado

Mto Lumi hauujui mpaka. Maji yake hushuka kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wa Mawenzi, yakavuka kuingia Kenya, yakapita karibu na mji wa Taveta na kumwagika Ziwa Jipe, ambalo nchi hizi mbili zinaligawana. Hivyo mvua kubwa inaponyesha usiku Rombo, mkazi wa bonde la Taveta anaweza kuamka chini ya anga kavu na kukuta mto umefura. Holili imesimama katikati ya mambo haya. Tangu mwaka 2016 kituo cha pamoja cha forodha kimewawezesha maofisa wa nchi mbili kukagua malori chini ya paa moja. Taarifa za maji nazo zinastahili njia fupi kama hiyo.

Ramani ya utabiri wa mafuriko si picha ya mafuriko. Huchanganya mambo matatu: mvua inayotarajiwa, umbo la ardhi na hali ya udongo. Udongo ulioshiba mvua za wiki nzima haunywi tena, na mvua ya kawaida juu yake huweza kuleta maafa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa matarajio ya siku tano kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hiyo hupimwa kwa mambo mawili pamoja, uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari. Watu wengi husoma la kwanza wakasahau la pili.

Ipo pia mifumo ya kimataifa inayokadiria mtiririko wa mito dunia nzima, lakini hugawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa. Mto mkubwa kama Pangani huonekana humo. Korongo linalopita nyuma ya zahanati halionekani. Mlimani maji hushuka kwa saa chache tu, ilhali katika tambarare za Kahe na Arusha Chini hujikusanya taratibu zaidi. Ramani moja haiwezi kuwatosha wote wawili.

Pengo hilo hujazwa na wenyeji. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakachore mifereji, nyumba na njia, na kuwauliza wazee maji yalifika wapi. Alama ya tope ukutani ni kipimo halali. Kazi ya namna hiyo haihitaji mitambo mikubwa, na sioni kwa nini isifanyike kata kwa kata kuuzunguka Mlima huu.

Kwa mhudumu wa afya, ramani huwa na maana inapolazwa juu ya rejista. Ni mjamzito yupi, aliyekaribia kujifungua, anaishi ng'ambo ya kivuko kinachozama? Ni nani husafiri kwenda kusafishwa damu? Nani amebakiwa na dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU za siku tatu tu? Angalizo la njano linatosha kuwapigia simu hawa, kuwaongezea dawa kwa kadiri mwongozo unavyoruhusu, na kumsogeza mjamzito karibu na hospitali. Kuhamisha kijiji kizima kwa angalizo la njano ni jambo jingine: wakihama mara mbili na maji yasije, mara ya tatu watabaki. Lakini simu iliyopigwa bure haimpotezei mtu shamba wala mifugo.

Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Wengi hudhani maji yanayoua ni yale ya kina kirefu, kumbe maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 huweza kuibeba gari ndogo. Anayehitaji kuokolewa apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kadi ya kliniki na dawa vifungwe katika mfuko wa plastiki kabla mvua haijaanza.

Baada ya maji kupungua, ramani ile ile huonyesha visima vilivyofunikwa, na kwa hiyo mahali pa kupeleka klorini kwanza ili kuzuia kipindupindu. Huonyesha pia nani amekanyaga maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya na mifugo. Leptospirosisi, ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya Mgunda ilipolipuka mkoani Lindi mwaka 2022, huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, mara nyingi kati ya siku 5 na 14 tangu maambukizi. Hufanana na malaria, na utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi ulikuta wengi walioandikiwa malaria hawakuwa nayo. Kipimo cha malaria kikisoma hasi, swali la kuuliza ni kama mgonjwa alipita katika maji ya mafuriko ndani ya mwezi uliopita. Na mgonjwa asisubiri kuulizwa.